Habari za Nywila na Saa ya Mji wa Ng'ambo

Sogeeni, enyi mliostarehe na enyi mliochoka! Vuteni viti, zimeni redio, na mwenye mtoto amnyamazishe, kwa maana inakuja habari kubwa. Wako waliojaliwa kusimulia majemadari waliobomoa kuta za mawe, na wafalme waliovuka majangwa na majeshi yao. Hao wana bahati yao. Mimi katika mgawanyo huo nimeangukiwa na fundi mmoja wa kompyuta, mwenye kitambi cha wastani na miwani iliyoungwa kwa utepe wa gundi, na ushujaa wake karibu wote aliufanya akiwa ameketi. Hata hivyo nitaipuliza tarumbeta niliyopewa, na mashavu yakiuma yataniuma mimi.

Jina la shujaa wetu mbele ya watu lilikuwa Nywila, kwa sababu alizikumbatia nywila zote za kiwanda, yale maneno ya siri ya kufungulia kompyuta, kwa wivu usio na mfano, hata meneja akitaka kufungua kompyuta yake mwenyewe ilimlazimu kubembeleza. Majina mengine alijipa mwenyewe, akiwa peke yake: Bwana wa Malango, Mfuga Waya, Aitwaye Mtandao Ukatikapo. Kiwanda kilikuwa cha mikate, ukumbi mrefu wenye tanuri upande mmoja, meza za kukandia katikati na mlango wa kupakilia upande wa pili. Nyuma ya ukumbi, katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya unga, ilikaa seva, mtambo mweusi wa mfumo wa kompyuta uitwao Unix, ukinguruma mchana kutwa chini ya vumbi jeupe ambalo ufagio wowote haujawahi kulishinda. Seva hiyo ndiyo iliyopiga kengele za kazi, na ndiyo iliyojua nani kaja na nani hakuja, kwa kuwa kila mfanyakazi alibonyeza kidole kwenye mashine ya mlangoni akiingia na akitoka.

Na katika kiwanda hicho hicho, upande wa tanuri, alitawala mama mkwe wake. Watu wote walimwita Mama Tanuri. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyozoea magunia na macho ambayo yakikutazama unaanza kukumbuka makosa yako ya utotoni. Yeye alifika saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kila mtu, akawasha moto peke yake, ili wengine wakija jua limekwisha kuchomoza wakute tanuri limepata moto. Hakuwahi kuchelewa, mvua haikumzuia, wala homa, wala msiba. Nywila alimwogopa kuliko umeme. Alimpenda pia, lakini hilo hakupata kulitamka, maana mtu ataanzia wapi kumwambia mama mkwe neno kama hilo.

Sasa sikilizeni chanzo cha balaa. Seva ilipoletwa ikiwa mpya ilihesabu saa kuanzia usiku wa manane, kama zifanyavyo mashine zote. Watu wa kiwanda walihesabu kuanzia jua lichomozapo, kama wafanyavyo watu. Asubuhi moja mpanga mikate, mwanamume mwenye sauti ya kutosha viwanda viwili, alibonyeza kidole chake mlangoni, akaganda, kisha akageuka kuwahutubia wenzake.

"Enyi ndugu zangu, njooni mtazame dhuluma! Nimefika saa mbili, mashine inasema nane. Nane! Saa nane si ndiyo tumeshamaliza kula? Kesho wataniambia nimechelewa nusu siku!"

"Toa sita, kaka," Nywila akasema. "Kila ukiiona, wewe toa sita tu."

"Nitoe sita mimi? Mimi napanga mikate. Hesabu za kutoa si ndizo tulizokuletea wewe?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimwingia Nywila mpaka kwenye mifupa. Akajifungia stoo na seva yake, akaapa kwamba hatatoka mpaka mashine iseme kama watu wanavyosema. Kwanza alijaribu kuisogeza saa kwa nguvu, kwa mkono. Lakini ndani ya seva mlikuwa na mtumishi mdogo, programu ambayo kazi yake ni moja tu, kuwauliza wakubwa wa saa duniani kupitia mtandao ni saa ngapi, na kuilinganisha seva nao. Nywila akiisogeza saa, yule mtumishi anairudisha. Akiisogeza tena, anairudisha tena, bila kelele wala lawama. Mwisho Nywila alikasirika, akamzima kabisa.

Hata hivyo ushindi ule haukumridhisha, akatafuta njia ya werevu zaidi, na akaipata. Seva inazijua saa za miji yote ya ulimwengu, na ukiiambia kwamba inakaa mji fulani, itasoma saa ya mji huo, ingawa ndani yake hutunza hesabu ile ile moja isiyobadilika. Nywila akapekua, akapekua, mpaka akaukuta mji mmoja ng'ambo ya bahari, mji ambao hakumjua ndani yake mtu wala paka, uliokuwa nyuma ya kwao kwa saa sita kamili. Akairudisha saa pale alipoikuta, kisha akaihamishia seva huko ng'ambo. Kuanzia hapo, watu wakisema saa moja, mashine ikasema moja. Wakisema saa saba, ikasema saba. Mpanga mikate alimkumbatia mbele ya ukumbi wote, akamwachia alama ya mikono ya unga mgongoni, na Nywila hakulifua lile shati kwa wiki nzima.

Lakini shujaa alisahau jambo moja dogo, kwamba pamoja na saa alikuwa amehamisha na tarehe. Katika ule mji wa ng'ambo siku mpya iliingia wakati huku ni saa kumi na mbili asubuhi. Aliyefika kazini baada ya hapo hakudhurika. Aliyefika kabla, mashine ilimwandika kuwa amekuja jana. Na mtu wa namna hiyo katika kiwanda kizima alikuwa mmoja peke yake.

Mwezi ukaisha. Siku hiyo Nywila alikuwa amekaa nyumbani, amenyoosha miguu, anapuliza chai, wakati mkewe alipoingia na simu mkononi.

"Baba watoto, mama ameitwa ofisini."

"Ameitwa kwa heri?"

"Heri gani! Meneja anasema mwezi mzima mama hajaonekana kazini. Kompyuta yao inasema anaingia hatoki, kesho yake anatoka hajaingia. Eti leo saa nne wanamwondoa kwenye tanuri, wanampeleka kufunga mifuko, na tanuri anapewa mtu mwingine."

Nywila akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeweka silaha mbele ya waliomshinda. "Na mama amesema nini?"

"Amesema hajitetei. Amesema kama mikate ya asubuhi ilikuwa inajioka yenyewe, basi iendelee." Mkewe akaketi ukingoni mwa kiti. "Tangu baba afariki, lile tanuri ndilo linalomwamsha. Wakimtoa pale ataamka kwa ajili ya nini?" Kisha akamtazama mumewe vizuri. "Mbona umekauka hivyo? Umefanya nini wewe?"

Nywila akasimama. Akavuta pumzi, akanyanyua kidevu. "Mke wangu, zipo nyakati katika maisha ya mwanamume ambapo wajibu humwita kutoka mbali, naye..."

"Nimekuuliza umefanya nini."

"Nitarekebisha."

"Kabla ya saa nne?"

"Kabla ya saa nne."

"Saa nne ya kwetu au ya kompyuta yako?"

Jemadari akatafuta viatu.

Mtu wa kawaida, mimi au wewe, angekwenda moja kwa moja kwa meneja akamwambia: bwana, kosa ni langu, mama hana hatia. Maneno hayo yangeisha kabla chai haijapoa. Lakini Nywila alikuwa shujaa, na shujaa huichagua njia ndefu, hasa ikiwa ni njia ambayo hakuna atakayemwona ameharibu. Aliazimia kuiponya seva kwa siri, ripoti ijinyooshe yenyewe, meneja aduwae, na yeye apite ukumbini akipiga mluzi. Njia nzima alijiita mpumbavu kwa sauti ya kusikika, mpaka mama mmoja aliyekuwa mbele yake akageuka kuuliza kama anasemeshwa yeye.

Alipoingia kiwandani alipita nyuma ya magunia akiwa ameinama. Kupitia kioo cha ofisi alimwona Mama Tanuri amekaa kwenye benchi la kungojea, amevaa gauni lake la harusi za watu, mikono juu ya mapaja, amenyooka. Hakuwa analia. Nywila alitamani angekuwa analia, ingekuwa rahisi kumtazama.

Naam, enyi wasikilizaji, hapa vita vinaanza! Bwana wa Malango akaingia stooni, akafunga mlango, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakunja mikono ya shati. Akaandika nywila, seva ikamkataa. Akaandika tena, ikamkataa. Yeye, aliyepewa jina kwa sababu ya nywila, alikataliwa kwenye lango lake mwenyewe kwa kuwa kidole kiliteleza na kugusa kitufe cha jirani. Mara ya tatu aliandika kwa kidole kimoja, polepole, akitaja kila herufi, na lango likafunguka.

Akaita orodha ya miji, nayo ikashuka mbele ya macho yake, bara baada ya bara: miji ya barafu, miji ya mchanga, miji ya visiwa visivyofikiwa hata na ndege, kila mmoja na saa yake kama jeshi na bendera yake. Nywila akapita katikati yao bila kugeuka kushoto wala kulia mpaka akaufikia mji wa kwao, ambao ulikuwepo pale siku zote ukimngoja. Hapo akaona haifai kuondoka ng'ambo bila kuaga.

"Ewe mji wa mbali," akaiambia skrini, "ulinipokea nilipochekwa, ukaniazima saa zako bila kuniuliza ninazipeleka wapi. Leo nakurudishia. Si kwamba una kosa. Wewe uko sawa huko uliko. Mimi ndiye niliyekuwa sipo."

Akabonyeza. Seva ikarudi nyumbani.

Akatazama skrini. Saa ilikuwa imekaribia, lakini ilibaki nyuma kidogo, maana tangu yule mtumishi mdogo azimwe hakuna aliyeikumbusha, nayo ilikuwa ikijivuta kila siku. Nywila akamwasha, kwa aibu ya mtu anayegonga mlango wa jirani aliyemtukana. Mtumishi hakununa. Aliamka, akatoka kwenda kuwauliza wakubwa wa saa, akangoja majibu, akayapima, kisha akaivuta saa mpaka ikakaa sawa na dunia nzima. Machozi yalimlenga Nywila, ingawa inawezekana ulikuwa unga.

Akaifungua ripoti kwa shangwe. Mama Tanuri: hakufika. Hakufika. Hakufika.

"Haiwezekani!" akapiga ukelele ndani ya stoo. Kisha akakumbuka kanuni ambayo kila fundi anaijua na kila fundi huisahau: programu iliyokwisha amka hushikilia saa iliyoamka nayo, na haitaiacha mpaka ilale iamke upya. Nje, mlango wa ofisi ulisikika ukifunguliwa, na sauti ya meneja ikisema, "Ingia, mama." Muda wa kuzibembeleza programu moja moja haukuwepo. Nywila akafanya ambalo mafundi hulifanya wakiwa wameishiwa maarifa, akaizima seva yote na kuiwasha tena.

Mngurumo ukakoma. Mlikuwa na kimya ndani ya stoo ile kwa mara ya kwanza tangu unga uhamishwe. Kisha feni ikazunguka, taa zikawaka moja moja, na skrini ikarudi. Akaifungua ripoti tena. Mama Tanuri: amefika. Amefika. Amefika. Mwezi mzima, kila siku ya kazi, wa kwanza kuliko watu wote. Nywila aliruka juu, akagonga kichwa kwenye rafu, na vumbi jeupe la miaka likamshukia likamfunika kuanzia utosini, akaonekana kama aliyepakwa kwa ajili ya sherehe.

Na ni hapo hapo kengele ilipolia.

Ilikuwa kengele ya kutoka kazini. Nywila mwenyewe alikuwa ameiandika ndani ya seva ilipokuwa ng'ambo: ikifika kumi, piga kengele, watu waende nyumbani. Sasa seva imerudi, na saa nne ya asubuhi kwake ni kumi. Ilitii neno lake bila kinyongo.

"Kengele hiyo!" mpanga mikate akanguruma ukumbini huku akivua aproni. "Msiniulize mimi! Si tuliambiwa tuifuate kompyuta? Imesema twende, twendeni!" Watu wakacheka, wakaachia madonge ya unga mezani, wakasukumana kuelekea mlangoni, na ndani ya tanuri mikate yote ya mzunguko wa asubuhi ilikuwa inakaribia kuiva bila mtu wa kuitoa.

Mlango wa ofisi ukafunguka kwa kishindo. Mama Tanuri akatoka bila kuomba ruhusa, amekunja gauni la harusi mpaka magotini, akavuka ukumbi akiwapangua wanaotoka, na wakati huo huo Nywila akachomoka stooni, mweupe kama mzuka. Walikutana mbele ya tanuri. Hawakusalimiana, jambo ambalo halijapata kutokea kati yao tangu siku ya posa.

"Mkwe, shika beleshi!" mama akaamrisha.

Akashika. Mama akafungua mlango wa tanuri, joto likamlamba Nywila usoni, miwani ikaingia ukungu, utepe wa gundi ukaachia. Akasukuma beleshi refu la mbao bila kuona, akavuta, akasukuma tena, mama akipokea trei kwa vitambaa na kumkemea, "Kushoto! Kushoto, mwanangu, hiyo si kushoto!" Akaungua vidole viwili. Trei moja ilimponyoka, mikate ikatawanyika sakafuni. Iliyobaki yote ikatoka, yenye rangi nzuri, na ukumbi ukajaa harufu yake.

Meneja akafika anahema, tai begani. "Nani amepiga kengele? Nauliza nani amepiga kengele!"

Nywila akaliegemea beleshi. Hotuba alikuwa nayo. Alikuwa ameitunga njiani, na ilianza na neno "Enyi". Akamwona mama mkwe anampiga meneja jicho, vitambaa bado mikononi, na ile hotuba ikamtoka kichwani yote.

"Ni mimi," akasema. "Na ripoti pia ni mimi. Niliichezea saa ili watu wanisifu, mama akawa anaandikwa amekuja jana. Hajakosa hata siku moja. Nenda kaifungue sasa hivi uone."

Meneja alikwenda, akaiona, akarudi polepole kuliko alivyokwenda. "Mama," akasema, "tanuri ni lako. Naomba unisamehe." Mama Tanuri akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupanga trei. Meneja akaona hana tena la kufanya pale, akaenda mlangoni kuwarudisha watu.

Walipobaki wawili, Nywila alijiandaa kwa ngurumo. Haikuja.

"Unajua," mama akasema bila kugeuka, "ile mashine ya mlangoni nilikuwa naisalimia. Alfajiri hakuna mtu, mlinzi anasinzia. Naweka kidole, nasema, haya, nimekuja. Usinicheke. Nilikuwa nadhani basi, angalau kuna mmoja anayejua kwamba nimekuja. Sasa meneja ananionyesha, naona haikunijua hata siku moja. Hilo ndilo lililoniuma. Mifuko ningefunga."

Nywila akajipangusa unga usoni. Katika maneno yote makubwa aliyokuwa nayo hakuna lililofaa, ikabidi atumie madogo.

"Ilikuwa inajua, mama. Humo ndani imekuandika kila siku, sawasawa, haikupoteza hata moja. Kutaja ndiko ilikotaja vibaya, kwa sababu mimi niliifundisha vibaya."

Mama akaweka vitambaa chini. Kisha akachukua mkate mmoja, akaukata kwa mkono, akampa nusu iliyo kubwa. "Kula. Na paka mafuta hivyo vidole."

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo Nywila alikuwa akiisikia tu kwa watu, shujaa alisimama mlangoni mwa kiwanda akipiga miayo. Mama Tanuri alipomwona hakuuliza kafuata nini. Alisogea kwenye mashine, akaweka kidole, na taa ya kijani ikawaka.

"Inasema ngapi?" akauliza, maana miwani yake ilikuwa mkobani.

"Tano, mama."

"Na saa hizi ni saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi tutatoa sita," mama akasema. "Na tarehe?"

Nywila akainama kuisoma, kwa makini, kama anayesoma jina la mtoto wake kwa mara ya kwanza.

"Ya leo, mama. Imeandika umekuja leo."

Na ijulikane kwa vizazi vyote, kwa walio karibu na walio ng'ambo, kwamba siku hiyo, mbele ya mashahidi wawili na mlinzi mmoja aliyelala, saa ya kiwanda cha mikate ilisema kweli. Mama Tanuri akaitikia, "Haya, nimekuja," akaingia kuwasha moto.